Droni juu ya matangi na mkuza wa bomba: Iringa mpaka Tunduma, siku kwa siku

Jumapili jioni, Iringa mjini

Naandika kila jioni kabla sijalala, siku nikichoka itakuwa mistari michache tu. Timu yetu ndogo: dada rubani mwenye leseni, jamaa wa kamera na laptopu tunamwita Injinia ingawa mwenyewe hapendi, kaka dereva, na mimi. Cheo changu kwenye makaratasi ni mtazamaji. Maana yake rubani akiwa ameinamia skrini ya rimoti, mimi naikodolea macho droni yenyewe angani, naangalia ndege wa porini, nyaya za umeme, helikopta, mtoto na kishada, chochote. Siruhusiwi kuangalia simu wala skrini. Watu wanadhani ni kazi rahisi, hebu jaribu kuangalia kitone cheusi kwenye mawingu meupe nusu saa bila kupepesa alafu uje tuongee.

Mteja jina naliacha, ana depo ya mafuta huku juu na anataka vitu viwili: matangi yake yakaguliwe bila kujenga majukwaa kila mahali, alafu vijana wake wafundishwe kukagua mkuza wa bomba kutoka angani kabla hajatoa hela kununua droni zake mwenyewe. Yaani anataka kuona kwanza hiki kitu kinafanya nini na hakifanyi nini. Huyo ndo mteja ninayempenda, maana wengi wanakuja wameshadanganywa kwamba droni inaona mpaka ndani ya chuma.

Kwa wasiojua, ukisafiri Iringa Mbeya, pembeni yako chini ya udongo kuna dizeli inatembea kwenda Zambia. Bomba la TAZAMA linatoka Kigamboni linaenda mpaka Ndola, kilomita 1,710, upana wa inchi 8 sehemu nyingine na 12 sehemu nyingine, limeanza kazi 1968. Zambia ina theluthi mbili ya umiliki, sisi theluthi moja. Zamani lilikuwa linabeba mafuta ghafi ya Indeni, kiwanda cha kusafishia mafuta kule Ndola, tangu 2023 linabeba dizeli iliyokwisha kusafishwa. Ukisimama kwenye kilima ukaona ukanda uliofyekwa umenyooka kupita mashamba ya watu bila kujali kona ya barabara, huo ndo mkuza.

Betri zote zimechajiwa. Kulala.

Jumatatu, Iringa – Mafinga

Siku nzima karibu yote ni makaratasi. Watu wakiona video za droni wanaona kurusha, hawaoni mafaili. Droni lazima isajiliwe TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, rubani awe na leseni, na kuna kibali cha Wizara ya Ulinzi ambacho bila hicho usithubutu hata kufungua begi, hasa kwenye mitambo ya mafuta. Juu ya hapo tunapita kwa watendaji wa vijiji, hiyo haijaandikwa popote ila dada rubani haiachi kamwe. Anasema karatasi ya Dar haimzuii mtu wa shamba kuokota jiwe.

Tukafika ofisi moja ya kijiji njiani, mtendaji yuko na wazee wawili nje wanaota jua. "Kamwene." "Kamwene." Tukawasalimia shikamoo, tukaeleza. Mzee mmoja akauliza swali zuri kuliko yote niliyosikia kwenye mafunzo: "Hiyo ndege yenu inapiga picha bomba, na sisi tunaochota maji pale bondeni inatupiga pia?" Dada akamjibu ndio mzee, inapiga kila kilicho chini, ndo maana tumekuja kusema siku na saa, na picha zinaenda kwa mwenye kazi tu. Mzee akasema basi waambieni akina mama.

Jioni Mafinga tukafanya jaribio kwenye uwanja wazi, mipaini ya msitu wa Sao Hill kwa mbali. Droni ya kazi ni DJI Matrice 30T, ina kamera ya kawaida, ya zumu, ya joto, na leza ya kupima umbali. Makaratasi yake yanasema inakaa hewani dakika 41, ila hizo ni dakika za kwenye hali nzuri bila upepo, wanaishusha betri mpaka mwisho. Huku juu hewa nyepesi, mita kama 1,700 hewa inapungua uzito kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na pwani, mapanga yanazunguka haraka zaidi ili kubeba uzito uleule, betri inalipa. Ongeza baridi ya Julai, ongeza akiba ya kurudi salama, tunapanga kazi za dakika 25 basi. Haina maana droni haiwezi, DJI wanasema mapanga yake ya kawaida yanafaa mpaka mita 5,000, tatizo ni muda tu.

Betri tunalala nazo ndani, zimefungwa blanketi. Kaka dereva analalamika betri zimepata blanketi zuri kuliko lake.

Jumanne, Makambako

Hatukurusha.

Anayeijua Makambako hashangai. Tulitega saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kipima upepo kinasoma mita 9 kwa sekunde, tukasema tusubiri, saa mbili kikagonga 13 na vishindo vya ghafla juu ya hapo. Mwisho wa droni yetu kupaa na kutua ni 12, hiyo ni kama kilomita 43 kwa saa. Kijana mmoja wa mteja, amejiunga nasi hapa, akasema mbona Youtube wanarusha kwenye dhoruba. Dada rubani hakumjibu, akampa kipima upepo akishike juu ya kichwa dakika tano. Mkono ulipomchoka alikuwa ameshaelewa.

Kukaa kungoja kunatoa maongezi lakini. Tumepata mtu wa maana: mzee mstaafu, mkaguzi wa matangi, mteja amemuita aje awe jicho la pili. Yeye ni wa nyundo na tochi, anagonga bati anasikiliza. Nilimuuliza kwa nini bomba lilijengwa akanirudisha 1965, Rhodesia ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru wake tarehe 11 Novemba na njia ya mafuta ya Zambia kupitia kusini ikakatika. Uingereza, Kanada na Marekani wakabeba mafuta kwa ndege, mapipa kwa mapipa, na malori yakaanza kupita hii barabara ikiwa bado vumbi na tope, madereva wakaibatiza njia ya jehanamu. Bomba likaja 1968 kumaliza hayo. Mzee anasema zile lori alizikuta kijijini kwao zimelala mtaroni bado ana suruali fupi.

Akauliza na yeye: "Sasa hiyo ndege yako mjukuu wangu, inagonga bati?" Nkamwambia haigongi babu. "Basi inatazama tu." Inatazama tu. Akatikisa kichwa akaagiza chai nyingine.

Nilidhani anatubeza, kumbe hiyo sentensi ndo ataitumia wiki nzima kutunyoosha.

Jumatano, njiani

Makambako, Igawa, Chimala, Inyala, Mlima Nyoka, Uyole, Mbeya. Malori, malori, malori. Mchele tumenunua Chimala. Upepo bado.

Alhamisi, Mbeya, depo

Asubuhi ukungu umefunika mlima Loleza wote hauoni kitu, tukaingia depo kwa mafunzo ya usalama. Simu zote getini. Viatu, kofia, nguo za pamba. Watu hawafikirii kwamba droni yenyewe ni hatari mahali kama hapa: ina mota, ina betri ya lithiamu, droni za kawaida hazina cheti cha kufanya kazi penye mvuke unaolipuka. Petroli inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya kama nyuzi 40 chini ya sifuri, mvuke ukifika kama asilimia 1.4 ya hewa unatosha. Dizeli ni mpole, mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 50 na kitu. Kwa hiyo masharti: hakuna kurusha wakati lori linapakia au linashusha, tunakaa upande upepo unakotoka, umbali kutoka mabomba ya kupumulia ya matangi ya petroli, mtu wa depo anatembea na kipima gesi mkononi, kikilia droni inarudi bila mjadala.

Saa nne ukungu ukapanda tukaanza. Tangi la kwanza dada alilizunguka kama anamenya chungwa, duara juu, anashuka mita mbili, duara tena, picha zikipandana ili Injinia aje kuziunga ziwe umbo moja. Hapa ndo nilielewa kwa nini anaogopa chuma: ukisogelea tangi kubwa dira ya droni inachanganyikiwa, na setilaiti za GPS nusu zimezibwa na bati, droni inaanza kutembea pembeni polepole kama haijaambiwa. Dada anazima mbwembwe zote anashika mwenyewe kwa vidole. Mimi nimepiga kelele "kulia, kulia, simama!" mara nyingi mpaka mlinzi wa geti akawa ananiigiza.

Faida yake ni paa. Paa la tangi ndo mahali ambapo mtu akipanda unashika roho, bati la zamani huwezi kujua limeoza wapi mpaka mguu uingie. Kiwango cha Wamarekani cha API 653 kinataka mkaguzi aangalie tangi kwa nje angalau kila miaka 5, sasa fikiria miaka yote hiyo watu wanapanda kwa ngazi kutembea juu ya kitu ambacho hawajui kama kitawabeba. Leo droni imekaa juu pale, imezumu kwenye kila mshono, tumeona rangi iliyobanduka, maji yaliyotuama penye bonde, na bolti za reli ya mkono zimekula kutu. Hakuna aliyepanda kukagua.

Mzee alikaa nyuma ya Injinia na miwani yake. Injinia akaonyesha mstari mrefu wa kutu umeshuka kwenye ubavu wa tangi, akaanza kuandika "uvujaji unaoshukiwa". Mzee akamgusa bega. "Rudisha juu. Juu zaidi. Hapo." Pale juu kuna kipande cha chuma kimechomelewa cha kushikia bomba la povu la zimamoto, maji ya mvua yanakusanyika nyuma yake yanashuka na kutu yake. "Tangi halivuji, hicho kibano ndo kinalia." Injinia akafuta akaandika upya. Picha ileile moja, mmoja anaona tangi bovu mwingine anaona kibano.

Jioni ndo ilikuwa tamu. Saa kumi na mbili na nusu jua limeshazama nyuma ya mlima, tukarusha kamera ya joto. Bati la juu lisilo na mafuta nyuma yake linapoa haraka, sehemu yenye mafuta inashikilia joto la mchana, basi kwenye skrini tangi linagawanyika sehemu mbili kabisa, unaona mafuta yalipofika! Vijana wa mteja wakashangilia. Jamaa wa dipu, yule anayepima kina cha mafuta, akaitwa, akapanda na fimbo yake akapima, akasoma, mstari wa kwenye picha na namba yake vinaelekeana, tofauti kidogo tu. Na chini kabisa tukaona mkanda mwembamba tofauti, mzee anasema ni tope lililotulia sakafuni, na alijua tangi hilo halijasafishwa siku nyingi.

Ila kuna kijana akataka kupima joto la bomba lililovikwa bati la alumini linalong'aa, akasoma namba ya ajabu, baridi kuliko hewa. Dada akamfundisha papo hapo: alumini inayong'aa haitoi joto lake kwenye kamera, inaakisi lile la mbingu, unapima anga unadhani unapima bomba. Rangi nyeupe ya tangi haina shida hiyo. Kamera haikuambii kwamba imekudanganya, inakupa namba na desimali.

Ijumaa, ndani ya tangi

Leo droni nyingine, Elios ya Flyability, ile ya Waswisi iliyo ndani ya kizimba cha duara, tumeiazima kwa mtu. Imetengenezwa kugonga vitu bila kuanguka. Tangi ni la dizeli, limetolewa mafuta, limeoshwa, feni zimepuliza, na kabla ya chochote jamaa wa usalama akaingiza kipima gesi kwenye manholi, lile tundu la kuingilia: gesi ya kuwaka sifuri, oksijeni asilimia 20.9. Akarudia baada ya nusu saa. Akasaini, ndo tukaruhusiwa.

Ndani hakuna GPS, chuma kinazuia kila kitu, mawimbi ya rimoti yenyewe yanapita kwenye manholi tu kwa hiyo dada amepiga magoti pale na antena. Mimi leo sina cha kutazama, nimepewa kazi ya kuhesabu dakika kwa sauti maana betri ya hii haizidi dakika kama 10. Taa zake zikawaka, ikaingia, kelele yake ndani ya tangi tupu we acha. Kila ikigusa bati unasikia ngo, ngo.

Bila hii, kazi ni kujenga jukwaa la mabomba na mbao ndani ya tangi mpaka juu, watu kuingia, mlinzi mlangoni, kamba kiunoni, siku kadhaa kabla hujaona hata mshono mmoja. Watu wamekufa duniani kote ndani ya matangi kwa kukosa hewa, na mara nyingi anayefuata kufa ni yule anayeingia kumuokoa. Kwa hiyo sina utani na hii teknolojia hapa.

Lakini mzee alikuwa na swali lake lilelile, na leo liliuma. Tukaona vishimo vya kutu kwenye bati la tatu kutoka chini, picha safi kabisa. Kina chake? Haijulikani. Bati limebaki milimita ngapi? Picha haisemi. Kuna droni za siku hizi zinazobeba kipimo cha mawimbi ya sauti, zinagusisha kichwa chake kwenye bati na kusoma unene, hatuna. Fundi akazunguka nje na kipimo cha mkono, tukamwelekeza kwa mita kutoka kwenye mshono, akapaka jeli akasoma sehemu zile tu badala ya kupima tangi zima. Na sakafu ndo kabisa, sakafu ya tangi inaoza kwa chini upande wa udongo ambako hakuna jicho litafika, pale lazima mtu aingie na mashine ya sumaku aisukume bati kwa bati. Kwa hiyo mtu ataingia bado, ila ataingia sakafuni, haparamii ukuta, na anajua anakoelekea.

Mzee alivyosikia hiyo akasema "hapo sawa". Kwa mzee huyu hiyo ni sifa kubwa.

Jumamosi, Mbozi, mkuza

Tumeamka saa tisa usiku. Sababu: kwenye mkuza ukitumia kamera ya joto mchana unaona jua tu, udongo wote umewaka. Alfajiri kabla jua halijatoka tofauti zinajitokeza. Udongo uliochimbwa karibuni unapoa na kupata joto kwa namna tofauti na uliotulia, kwa hiyo anayechimba usiku kutafuta bomba ili atoboe aibe mafuta anaacha alama hata akirudishia majani juu. Dizeli iliyovuja karibu na uso wa ardhi nayo inaweza kuonekana, au baadae majani yanakauka mstari. Ila bomba lenyewe lililozikwa huoni, kamera ya joto haipenyi ardhi. Kutu ndani ya bomba ni kazi ya pigi, kile chombo kinachosukumwa na mafuta yenyewe ndani ya bomba kikisoma unene kwa sumaku. Hivyo viwili havigombani, kimoja kinaangalia chuma kingine kinaangalia watu na udongo.

Hesabu ambayo kijana wa mteja aliifanya kwenye gari ilimnyamazisha. Sheria ya kawaida droni isitoke machoni, kwa macho yangu hiyo ni kama mita 500 kila upande, basi kila kilomita moja unahamisha gari. Bomba ni kilomita 1,710. Kwa droni ya mapanga manne utazeeka barabarani. Kwa urefu huo wanatumia zile zenye mabawa zinazopaa wima alafu zinaruka kama ndege, zinaenda makumi ya kilomita kwa mruko mmoja, lakini hizo zinatoka machoni na kibali chake ni kingine kabisa. BP walipata ruhusa ya kwanza ya biashara ya kurusha juu ya nchi kavu Marekani mwaka 2014 kule Prudhoe Bay, Alaska, na walitumia ya mabawa, Puma. Droni ndogo kama yetu ni ya kwenda pale penye wasiwasi: mteremko unaomomonyoka, daraja la mto, kijiji kinachosogelea vigingi vya mpaka wa mkuza.

Jambo la milimani ambalo watu wa tambarare hawalijui: urefu unaouona kwenye rimoti unahesabiwa kutoka pale ulipopaa. Ukipaa bondeni ukasema mita 60 alafu mkuza ukapanda kilima cha mita 70, rimoti bado inasema 60 na wewe umeshagonga mti. Dada aliweka programu ifuate sura ya ardhi, na bado akanipeleka mimi juu kileleni na redio.

Basi saa kumi na moja na nusu hivi droni iko hewani, baridi inauma, redio ikalia: "Mtazamaji, unaona nini mita 100 kaskazini ya kigingi?" Naona giza. Wao kwenye skrini wanaona doa jeupe, kubwa, la moto, pembeni kabisa ya mkuza. Sauti ya kijana wa mteja nyuma inasema tayari tumpigie bosi. Dada akasema hakuna kupiga simu, piga picha, weka alama, twende na miguu.

Tukashuka kwa tochi kupitia kahawa ya watu, mzee yuko mbele na fimbo. Harufu ikatufikia kabla, na haikuwa dizeli. Ni lundo la maganda ya kahawa mbivu! Kuna mashine ya kumenya kahawa ya kikundi pale, ni msimu, wanamwaga maganda pembeni yanachacha na kutoa joto, ukitia mkono unaungua kweli. Mama mwenye shamba katoka na kanga kichwani, "shikamooni, mmepotea?" Tukamwamkia, mzee wetu akamweleza, mama akacheka mpaka akakaa chini, ndege ya serikali imekuja kupiga picha takataka zangu. Sio ya serikali mama. Basi ya nani? Tukakaribishwa viazi vitamu na chai, na dada akamuomba akina mama wenzake wasogeze lundo mbali kidogo na vigingi, sio kwa ajili ya joto, ni kwamba malori ya kubeba maganda yasipite juu ya bomba.

Kijana wa mteja aliniuliza njiani kwamba sasa kamera imekosea? Haijakosea, kulikuwa na joto na imesema joto. Kwenye daftari Injinia ameanza orodha ya vitu vya moto visivyo na hatia: maganda ya kahawa, lundo la samadi, tanuri la tofali, tanuri la mkaa, mwamba uliokula jua, ng'ombe aliyelala. Hiyo orodha nadhani ina thamani kuliko nusu ya picha tulizopiga.

Sehemu mbili nyingine za leo zilikuwa za kweli. Mteremko ambao mvua zimekula udongo, kingo za mfereji zimesogea kwenye mkuza, utahitaji kujazwa kabla masika hayajaja. Na migomba iliyopandwa katikati kabisa ya vigingi, mikubwa, ya miaka. Hiyo haitaki droni, inataka kikao na mwenyekiti wa kijiji.

Jumapili, Mbeya

Injinia na laptopu siku nzima, kuunga picha za tangi moja kunachukua masaa na feni ya laptopu inalia kama inataka kupaa yenyewe. Sisi wengine sokoni Mwanjelwa, nimenunua soksi. Maparachichi bei poa. Jioni dada kapitisha sheria: kila picha iwe na tarehe, saa, mahali, na jina la aliyeiangalia, sio jina la droni.

Jumatatu, Tunduma

Mteja ana mkutano wake huku mpakani ikabidi tumfuate, foleni ya malori imeanza mbali kabla ya mji. Vibali vyetu vinaishia Tanzania, upande wa pili, Zambia, bomba linaendelea na shughuli zake Nakonde kwenda juu lakini sisi mwisho hapa.

Kikao kilikuwa kirefu kuliko kazi. Bosi wa mteja kapitisha macho kwenye picha zote, kapenda ile ya mstari wa mafuta kwenye tangi, kila mtu anaipenda hiyo. Kisha akauliza moja kwa moja: "Kwa hiyo naweza kuandika matangi ni salama?"

Dada rubani: "Hapana bosi. Andika kwa nje tumeona hiki na hiki, tarehe hii. Ukuta wa ndani tumeuona. Unene tumepima sehemu hizi. Sakafu haijapimwa."

"Sasa nimelipia nini?"

Kimya kidogo. Aliyejibu ni mzee, sikutegemea. "Umelipia watu wasipande paa lile. Na umelipia fundi kujua aende wapi. Sakafu nitaingia mimi nao, nipeni mashine."

Wakabishana bei ya mashine ya sakafu, wakakubaliana tangi hilohilo moja kwanza, wiki ijayo likiwa bado tupu, kabla halijajazwa. Kuhusu kununua droni, dada kamshauri asinunue ya mkuza mzima, anunue moja ndogo yenye kamera ya joto kwa depo, asomeshe vijana wawili wapate leseni, na kazi ya kilomita nyingi akodi wenye ndege za mabawa na vibali vyao. Bosi akaandika. Kijana yule wa kipima upepo kajitolea kuwa wa kwanza kusoma.

Picha hatutumi kwa wasapu wala kwenye intaneti, ni ramani ya mitambo ya mafuta ile. Zimekabidhiwa kwenye diski mbili, moja ya mteja moja ya kabati lake, memori kadi tumezifuta mbele yake wakasaini. Kesho asubuhi tunageuza, kaka dereva anataka kupita Makambako kabla upepo haujaamka eti gari lisiyumbe, na dada amemuambia kwa gari hiyo sheria ya mita 12 haimhusu.